Ditekta Iliyonyamazia Chumvi

Msinikatize, maana kisa hiki hakikutokea enzi za mababu, na aliyepatwa nacho bado yu hai, ila yeye hawezi tena kuwasimulia.

Alikuwa fundi funguo. Kila Jumapili jioni watu walimjia kibandani, taulo mabegani na mchanga nyweleni, wakimwomba awachongee funguo mpya kwa kuwa za awali zilimezwa na ufukwe. Ndipo akaanza kuitamani ditekta, ile mashine ya kunusa chuma chini ya mchanga.

"Nikiwa nayo nitawaokotea zile zile walizopoteza," alimwambia mkewe.

"Ukiokota na akili zako ulizopoteza ujanani, zilete nyumbani," mkewe akamjibu, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na mdomo wake haukujua likizo. Alipoosha vyombo alizisema sufuria. Alipolala aliongea na ndoto. Nyumba yao haikuwa na mtoto, lakini haikuwahi kuwa kimya.

Siku ya kwenda dukani, fundi alifuatana na kaka yake. Huyo ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuchonga ufunguo wake wa kwanza, naye ndiye aliyewahi kumiliki ditekta kabla yake. Fundi alimwamini kuliko alivyoamini macho yake mwenyewe.

Muuzaji alizipanga mashine juu ya kaunta. "Chumvi ni mwongo," alisema. "Huiambia mashine kuna chuma pasipo na chuma. Hii ndogo inafaa mchanga mkavu, lakini ukiipeleka kwenye uliolowa italia kama mtoto mwenye tumbo. Hii ya mapigo ya umeme inaipenya chumvi, ila haibagui, msumari na pete kwake ni ndugu. Kama ndiyo mashine yako ya kwanza, na ni ya baharini, chukua hii ya masafa mengi, inayotafuta kwa mawimbi mengi kwa pamoja na kuitenga chumvi. Ukitumbukia nayo majini haifi."

Fundi alikuwa keshanyoosha mkono. Kaka yake akamshika bega.

"Pupa ya nini, mdogo wangu? Ninayo yangu, mgongo hauniruhusu tena kuinama. Zijaribu zote mbili, halafu uchague."

Duka lilitazamana na bahari, kwa hiyo wakavuka barabara wote watatu. Maji yalikuwa yamekupwa. Mashine ya muuzaji ilipopitishwa juu ya mchanga uliolowa, ilikoroma kidogo kisha ikatulia. Ya kaka, nyeusi, isiyo na jina la kiwanda popote, haikutoa hata kwikwi. Muuzaji aliongeza usikivu wa mashine hiyo mpaka mwisho. Kimya. Akatupa sarafu mchangani, mashine ikatoa mlio mmoja laini, kama mtu anayeguna usingizini.

Muuzaji alikunja uso. "Hakuna ditekta isiyoisikia chumvi kabisa. Mimi nisingeichukua."

"Anaona mteja anamponyoka," kaka alisema akicheka. Kisha akamgeukia mdogo wake, na kicheko kikakatika. "Sema mwenyewe unachagua ipi. Sema kwa sauti."

"Naichagua hii yako, kaka."

Kaka akamkumbatia kwa nguvu, macho yamejaa machozi. Fundi alidhani ni mapenzi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Aliokota funguo, hereni, saa ya mkono, akawarudishia wenyewe, na watu wakaanza kumwita Mnusaji. Furaha ikaja pia nyumbani kwa kaka. Binti yake mdogo, aliyekuwa bubu kwa miezi huku madaktari wakimchungulia koo bila kuona kitu, aliamka siku moja akiomba chai. Mke wa fundi alilia kwa shangwe aliposikia habari hizo kwenye simu. Hakuna aliyejiuliza aliamka siku gani.

Kisha saa ya ukutani ikaacha kugonga. Mishale ilizunguka kama kawaida, lakini mlio haukuwepo. Siku nyingine bomba lilimwaga maji ndooni bila sauti. Mafuta yakachemka kikaangoni kimya kimya, vitunguu vikarukaruka humo kama wadudu nyuma ya kioo. Kwenye kona ilikosimamishwa ditekta, sakafu ilianza kulowa. Mke aliipangusa, ikalowa tena, na harufu ya mwani uliooza ikapanda mpaka kwenye mapazia na kwenye nguo zilizokunjwa kabatini.

Halafu mke akacheka, na kicheko hakikutoka.

Siku zilizofuata maneno yalimtoka mojamoja. Aliingia darasani kuwaimbisha watoto, akafungua kinywa, na watoto walipouona mdomo unacheza bila sauti wakaangua kilio. Mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani apumzike.

"Kuna mtu amekaa kooni mwangu," alimnong'oneza mumewe jioni hiyo. Mnong'ono ndio uliokuwa umebaki.

"Usiseme. Pumzika, koo litapona."

"Nikinyamaza ndipo anaposogea."

Kulipopambazuka hata mnong'ono haukuwepo.

Fundi alichukua ditekta akaenda ufukweni, kwa kuwa hakujua jingine la kufanya na mikono yake. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa, watoto wanakimbizana na mpira. Alipovaa visikizio vya masikioni vya mashine hiyo, zogo lote la ufukwe likazimika kama taa, na mahali pake akasikia saa ya ukutani kwake ikigonga, akasikia maji ya bomba yakiingia ndooni, mafuta yakichemka, na katikati ya hayo, karibu sana, kama anayeongea akiwa amelaza shavu begani mwake, akamsikia mkewe akizisema sufuria, akicheka, akiita watoto wa darasa lake kwa majina, na kila neno lilipokwisha alisikia mdomo mwingine, mkubwa na wenye mate, ukilitafuna na kulimeza, na alipotaka kuvitoa visikizio mikono ilimganda, kwa maana chini ya sauti ya mkewe ilikuwa imeanza sauti nyingine aliyoijua tangu utotoni.

"Mwache binti yangu," sauti ya kaka yake ilisema. "Nitakuletea mdogo wangu, atakuchagua kwa kinywa chake. Mke wake ana maneno mengi. Utashiba."

Alipiga magoti mchangani. Mtu mmoja alimuuliza kama anaumwa. Akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu mmoja aliyefundisha na mkewe aliwapeleka kwa shangazi yake, mganga, mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona vifungo vya sare za shule walipoingia. Aliinusa ditekta kwa mbali, akaweka sindano chini.

"Hili jini halirithiwi na halitumwi," alisema kwa sauti ya chini. "Linachaguliwa. Chakula chake ni sauti, na za wizi hazilishibishi."

"Linatokaje?"

"Njia mbili. Umtafute mwingine umhadae alichague, kama ulivyohadaiwa. Au mtu mzima alipe sauti yake kwa hiari, mahali lilipochaguliwa. Sauti ya hiari hulishibisha, nalo likishiba hurudi baharini na kuziachia zote." Akasita. "Alikuja baba mmoja hapa na binti bubu. Nilimwambia haya haya. Alisema atakwenda kufikiri."

Mke wa fundi alimshika mumewe mkono, akatikisa kichwa. Hapana. Fundi hakumtazama.

Alikwenda kwa kaka yake saa ya chakula cha mchana. Binti alikuwa sebuleni akiimba. Kaka alipoona uso wa mdogo wake alitoka nje haraka, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Ulijua njia ya pili," fundi alisema.

"Mdogo wangu..."

"Ulijua?"

Kaka alitazama viatu vyake. "Mimi ni dalali. Nikikosa sauti nitawalisha nini? Na yule ni mtoto. Ninyi mko wawili tu pale, nikaona mtavumilia."

"Wawili tu."

"Sikumaanisha hivyo."

"Basi njoo ufukweni pamoja nami. Sikuombi sauti yako. Njoo usimame tu, nisiwe peke yangu."

Kaka alisema atakuja. Aliapa kwa kaburi la mama yao.

Maji yalipokupwa fundi alisimama pale pale walipojaribu mashine mbili, mkewe kando yake, mganga nyuma yao. Walimngoja kaka. Waliitazama barabara mpaka maji yakaanza kurudi na mganga akasema, "Baba, bahari haitasubiri."

Mke alimng'ang'ania shati. Fundi aliifungua mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akavaa visikizio, akaingia majini mpaka kiunoni, ditekta mkononi. Hakuwa na maneno ya kutayarisha. Aliliita jina la mkewe, lile la chumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kisha akasema, "Ichukue. Nimekupa."

Ditekta ikalia. Ililia kwa chumvi yote iliyoizunguka, kwa ukali wa mashine mia, mpaka mbwa wa ufukweni wakakimbia na kitu kizito kikapita kati ya miguu ya fundi kuelekea kilindini, baridi, kirefu, kikichukua muda mrefu mno kwisha kupita. Mkono wake ukabaki mtupu. Nyuma yake akasikia mkewe akipiga yowe, yowe zuri, la sauti nzima. Akageuka ili amwambie kwamba amemsikia.

Kinywa kilifunguka tu.

Siku hizi bado anachonga funguo. Huwajibu wateja kwa vidole, na mkewe, aliyehamishia meza ya kusahihishia kazi kibandani, huwasemea wote wawili. Kwao hakuna harufu tena, na saa inagonga.

Kaka huja kila Ijumaa. Huketi kwenye benchi la wateja, hueleza. Hueleza jinsi alivyokuwa njiani siku ile, jinsi miguu ilivyomgomea, jinsi binti alivyokuwa analala kinywa wazi bila hata kukoroma. Hulia. Mke wa fundi huinuka akatoka nje, maana ana mengi ya kumwambia na mumewe alimwomba asiyaseme.

"Niambie umenisamehe," kaka husema. "Hata kwa kichwa tu, mdogo wangu. Inamisha kichwa."

Fundi huinua ufunguo anaouchonga, akaupuliza vumbi, akautazama kwenye mwanga. Kisha huurudisha kwenye mashine.