Panya wa Gabrieli

Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa mawe Damari alipotoka kwenda kuanua betri.

Zilikuwa nne, kuukuu, ameziacha juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Kijijini kwao, upande wa Ilongero, kila mtu anajua kuwa betri iliyochoka ukiianika juani hurudisha nguvu kidogo. Wengine huanika ili wasikie habari na mahubiri. Damari alianika kwa sababu ya kitu ambacho bibi yake, Bibi Evodia, alikiita ugonjwa.

Ugonjwa huo aliambukizwa na kaka yake, Gabrieli. Tangu wakiwa wadogo, muda wowote uliobaki baada ya shamba na ng'ombe waliumalizia kwenye redio mbovu. Waliziokota, wakazifumua, wakaunga nyaya kwa lehemu waliyoiyeyusha kwa msumari wa moto. Bibi alisema hakuna mwanamume atakayemtaka msichana anayenuka lehemu. Gabrieli akamjibu kuwa basi watamtafutia fundi.

Walichokipenda kuliko vyote kilikuwa kuwinda panya. Panya ni jina walilokipa kidude cha kurushia sauti, walichokiunda wenyewe ndani ya kopo la dawa ya viatu. Walikuwa nao wawili, kila mtu na wake. Ukimwasha Panya, redio iliyo karibu inavuma. Ukigonga kifuniko chake, redioni inasikika ko. Mmoja alijificha na Panya wake, mwenzake akamtafuta kwa redio. Ujanja ulikuwa kuizungusha redio polepole. Kila upande inavuma, lakini ncha yake ikimwelekea Panya, inanyamaza.

Ukimya ndio walioufuata.

Aliyejificha aligonga mara tatu: nipo. Mwindaji akamjibu kwa Panya wake, mara mbili: nakuja.

Gabrieli aliumwa kichwa Jumanne. Alhamisi wakamzika nyuma ya nyumba. Majembe ya kuchimbia aliyaleta Mzee Alute, jirani mwenye shamba kubwa la alizeti. Mazishi yalipokwisha aliyabeba bila kuyaosha, ingawa ndoo ya maji ilikuwa imewekwa pale kwa kazi hiyo. Watu waliona. Jembe la kaburini halirudi shambani na udongo wake.

Kabla jeneza halijafungwa, Damari alimwasha Panya wa kaka yake na kumtia katika mfuko wa suti aliyovishwa. Usiku ule alilala na redio sikioni. Aliusikiliza mvumo ukitoka ardhini... ukipungua... ukipungua. Karibu na alfajiri ukakatika. Betri zilikuwa zimekufa.

Miezi minne ilikuwa imepita. Shule aliiachia njiani, kidato cha pili, kwa kuwa Bibi hakuweza tena kubaki peke yake. Wazazi walishatangulia zamani. Walikuwa wamebaki wawili tu katika nyumba ile, na kila jioni Damari aliwasha redio, akasogeza mshale hadi mwisho kabisa, mahali pasipo na kituo chochote. Hakutegemea kitu. Hakujua namna nyingine ya kumlilia kaka yake.

Jioni ile alitia betri zingali na joto la jua.

Redio ikavuma.

Akadhani ni upepo kwenye mabati. Akaiweka sikioni.

Ko. Ko. Ko.

Bibi aliwafundisha wote wawili tangu utotoni: ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Wanaochukua watu hawaiti zaidi ya mara mbili. Damari alilijua katazo hilo vizuri. Lakini aliona ni la sauti za midomo, na huyu hakumwita kwa mdomo. Alikimbilia ndani, akamtoa Panya wake chini ya kitanda, akagonga mara mbili.

Nakuja.

Ko zote tatu zilikuwa wito mmoja tu.

Alipokuwa anapita jikoni ndipo wazo lilipomjia. Betri za Panya wa Gabrieli zilikufa usiku ule ule wa mazishi. Kama Panya wake analia leo, basi kuna mkono uliomtia betri mpya.

Hakurudi nyuma. Kama kulikuwa na mkono, huenda kulikuwa na kaka pia.

Aliizungusha redio akiielekeza kaburini. Ikavuma. Akaizungusha tena, polepole, kama alivyofundishwa, ikapita zizini, ikapita kwenye mawe. Ilipoelekea shamba la Mzee Alute, ikanyamaza.

Shamba lile lilikuwa linasemwa chini chini. Lilipaliliwa kila msimu na hakuna aliyewahi kuona kibarua akiingia. Damari aliingia. Alizeti zilimfika kifuani, zote zimegeuza vichwa upande mmoja. Giza lilianza kushuka. Hakukuwa na nzi, wala chura. Mbele yake kulisikika jembe.

Chwa... Chwa... Chwa...

Kisha akaipata harufu. Mbao mpya. Mbao za jeneza.

Alikuwa ameinama, anapalilia. Suruali ya suti imeraruka magotini, miguu haina viatu, kucha zimekua hadi zimejikunja. Shingoni, kwa uzi wa katani, ananing'iniza kopo la dawa ya viatu.

"Gabrieli," Damari alinong'ona. "Kaka, ni mimi."

Hakugeuka.

Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama mtungi. Akamvuta, akamvuta tena kwa nguvu zake zote, akimwambia kwa kunong'ona kuwa Bibi yupo, uji upo, twende nyumbani. Hakusogea hata kidole, kana kwamba miguu yake imeshika mizizi. Damari akapiga magoti akaanza kuchimba udongo kwenye nyayo zake kwa mikono, akilia bila sauti.

Hapo ndipo Gabrieli alipomtazama. Alifungua mdomo. Ndani hamkuwa na ulimi.

Akanyoosha kidole kimoja, akamgonga Damari kifuani, kwenye mfupa.

Mara tatu.

"Umempata?"

Sauti ilitoka nyuma, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka. Mzee Alute alikuwa amesimama kati ya mistari. Mkononi alishika jembe jipya, mpini mweupe, mfupi kidogo. Mpini wa kimo cha msichana.

Na Damari, katika hofu ile, mazoea yalimshinda. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Damari akakimbia. Alimwacha kaka yake, akakimbia, na tangu siku hiyo hajui kama alichokiacha pale shambani kilikuwa kinamfukuza au kinamwomba.

Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji alikwenda na wanaume wanne. Shamba lilikuwa limepaliliwa lote, safi, na nyayo zilizokuwepo zilikuwa za Damari peke yake. Kaburi halikuguswa. Damari aliwasihi walifukue. Aliwashika miguu. Wakamwinua kwa upole, wakamwambia Bibi ampe dawa ya homa, maana mtoto amechemka.

Mchana aliamka akakuta betri nne mpya juu ya redio. "Mzee Alute alipita kukupa pole," Bibi alimwambia, "akaacha na hizo, akasema anajua unapenda redio." Bibi alikuwa ameshazitia.

Damari hakuzitoa. Alimsimulia Bibi kila kitu. Alipomaliza, kikongwe aliuliza jambo moja tu.

"Uliitika mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Bibi alifunika uso kwa khanga.

Damari alimponda Panya wake kwa jiwe mbele ya Bibi, akamtumbukiza chooni. Yule mwingine alikuwa kule shambani, mbali. Magharibi ilipofika, Damari alijikunja kwenye kona ya chumba, akamwomba Bibi awashe redio, wahakikishe kuwa imekwisha.

Ilivuma, karibu sana.

"Izungushe, Bibi. Polepole."

Bibi akaizungusha. Ikavuma ikielekea mlango. Ikavuma ikielekea kaburi, ikavuma ikielekea shamba la Mzee Alute. Ncha ilipofika kwenye kona aliyokaa Damari, ikanyamaza.

Damari akainuka, akahamia kona ya pili. Bibi akaizungusha tena.

Ukimya ukamfuata.

Akaweka kiganja kifuani. Kwenye mfupa, chini ya ngozi, kitu kiligonga taratibu, na redio ikakirudia. Ko. Ko. Ko.

Nipo.

Bibi aliirusha redio kitandani. Lakini haikuzimika, betri zilikuwa mpya. Na kutoka mbali, upande wa alizeti, jibu likaja.

Ko. Ko.