Jani la Sale na Ng'ombe Aitwaye Mpole

Nyumbani kwa Bibi Elisifa jogoo hakuwa na kazi ya maana, kwa sababu Bibi aliamka kabla yake. Kila asubuhi aliwasha moto, akateleka maji ya chai, kisha akagonga mlango wa mjukuu wake mara tatu kwa mwiko. Eunike, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Mwika, kwenye miteremko ya mlima, na mwiko ule aliujua vizuri. Alinawa uso, akafagia uwanja, akampelekea ng'ombe majani, akanywa chai kwa ndizi za kuchemsha. Ukungu ulipoanza kuondoka migombani, yeye alikuwa tayari njiani.

Kwenye njia panda alimkuta Lukresia akimsubiri. Walikuwa marafiki tangu chekechea, na katika mchezo wa rede shule nzima iliwaogopa. Katika rede wawili huingia katikati, na wapinzani huwarushia mpira wa soksi kutoka pande mbili. Eunike ndiye aliyejaza udongo kwenye chupa, kichwa chini, mikono mbio mbio. Lukresia alisimama karibu yake akiutazama mpira, akipiga kelele, "Inama!" au "Ruka!" Chupa ikijaa kabla hawajapigwa, wameshinda. Eunike hakuinua kichwa hata siku moja, maana alimwamini rafiki yake kuliko macho yake mwenyewe.

Walikuwa pia na siri. Kwa kina Lukresia kulikuwa na ng'ombe mkubwa wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe, aliyeitwa Mpole. Jina lilimfaa kabisa, lakini Lukresia alimwogopa kupita kiasi. Huku mlimani karibu kila nyumba ina ng'ombe bandani, na mtoto wa miaka kumi na miwili anayemkimbia ng'ombe wa kwao anachekwa mpaka siku ya harusi yake. Kwa hiyo kila jioni, kwa miaka miwili, Eunike alipita kwa kina Lukresia kimya kimya na kuweka majani kwenye hori kwa niaba yake. Mama yake Lukresia alidhani binti yake ni mchapakazi.

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu. Darasa la sita lilikuwa likicheza na darasa la saba, na chupa ya Eunike ilibakiza vidole viwili tu ijae. Pembeni alisimama Brenda, msichana mgeni aliyehamia kutoka Moshi mjini, ambaye tangu wiki iliyopita alikaa dawati moja na Lukresia. Brenda alisema kitu cha kuchekesha. Lukresia akageuka, akacheka, na mpira ukampiga Eunike mgongoni, puu!

Darasa la saba walishangilia. Eunike alisimama, udongo umemjaa viganjani, uso unawaka. "Utauonaje mpira wewe?" alimwambia Lukresia kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwa wapishi. "Mtu mwenyewe unamkimbia hata ng'ombe wa kwenu! Kila siku mimi ndiye ninayekulishia!"

Uwanja mzima uligeuka kumtazama Lukresia. Kisha Kornel, mvulana ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akatoa sauti ndefu ya ng'ombe. "Mooo!" Wengine wakamfuata. Lukresia aliokota sweta lake akaingia darasani.

Usiku huo Eunike alilala vibaya, na asubuhi akajua dawa. Mpaka wa kihamba cha Bibi, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, ulipandwa masale, ile mimea yenye majani marefu ya kijani. Mchagga akimkosea mwenzake humpelekea jani la sale lililofungwa fundo kuomba msamaha, na anayepelekewa hawezi kulikataa. Eunike alichuma moja mbio mbio, akalifunga fundo huku akitembea, na kengele ilipokuwa ikigongwa akamtia Lukresia mkononi. "Haya, sale hilo," alisema, akakimbilia mstarini.

"Nimelipokea," Lukresia alijibu. Hakuwa na namna.

Eunike alidhani yamekwisha. Lakini mchana Lukresia hakuja kucheza. Jumatano akakuta njia panda haina mtu. Alhamisi Lukresia alimjibu kwa adabu zote, "Nzuri, asante," kama anavyojibiwa mgeni wa wazazi, na hilo lilimuuma Eunike kuliko matusi. Jumamosi kungekuwa na bonanza la michezo na shule jirani, na wao wawili ndio waliotegemewa kwenye rede. Lakini si bonanza lililomnyima Eunike hamu ya chakula. Aliogopa kwamba rafiki aliyekuwa naye tangu utotoni anaondoka, na yeye hajui amshike wapi.

"Bibi," alisema jioni ile akiuchezea mtori wa ndizi kwenye bakuli, "hivi masale yetu yameisha nguvu?"

Bibi Elisifa alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mae! Umempa nani sale?"

"Lukresia. Amepokea, lakini amenuna."

"Ulipompa ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Haya, sale hilo.'"

Bibi alitikisa kichwa, akaendelea kula. "Kula kwanza," alisema.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, kilikuwa cha Mwalimu Hilda. Alikuwa mwalimu mpya, mrefu, mwenye kicheko cha karibu, na kipindi chake alikiita saa ya moyo. Mwanzoni wanafunzi walidhani watafundishwa mishipa ya damu. Badala yake aliwatoa nje, akawapanga duara, akachukua mpira wa rede.

"Nikikurushia," alisema, "niambie leo unajisikiaje, na hisia hiyo unaisikia wapi mwilini. Jibu la 'salama' silipokei. 'Kawaida' pia silipokei."

Mpira wa kwanza ulimwangukia Kornel. "Njaa, Mwalimu. Ipo tumboni."

"Hiyo ni ya tumbo. Moyo je?"

Kornel alijikuna kisogo. "Furaha, kwa sababu kesho ni bonanza. Ipo... ipo kwenye nyayo. Zinawasha." Watoto walicheka, na kila mmoja akatazama nyayo zake.

Brenda aliupata mpira akasema ana upweke, anausikia kooni, maana tangu ahame kutoka mjini hana rafiki ila mmoja, na sasa huyo naye hacheki tena. Eunike aliinamisha kichwa. Hakuwahi kufikiri kwamba Brenda naye ana koo.

Lukresia alipodaka, aliushika mpira kwa mikono miwili. "Nina huzuni," alisema polepole. "Ipo kifuani. Ni nzito." Akaurusha haraka kwa mwingine.

Baada ya mchezo Mwalimu aliwagawia magamba makavu ya mgomba, mikasi na gundi ya uji wa muhogo, akawaambia kila mmoja atengeneze sura ya moyo wake wa wiki hii. Uwanja ulijaa vicheko. Kornel alitengeneza sura yenye meno ishirini. Eunike alitengeneza sura yenye nyusi zilizoshuka hadi puani na mdomo uliopinda, na aliyeiona alirudi nyuma.

Mwalimu Hilda alichuchumaa karibu yake. "Huyu amekasirika kwelikweli."

"Ndiyo, Mwalimu. Nimempa mtu sale, amepokea, halafu haongei na mimi. Si haki."

Mwalimu hakubishana naye. Aliinuka, akarudi na kipande kibichi cha mgomba kilichokatwa asubuhi, kizito, kinachotoa maji. "Bandua gamba moja moja," alisema. "Kila gamba lipe jina la kitu ulichohisi tangu mambo hayo yaanze. Usiharakishe."

Gamba la kwanza lilitoka kirahisi. "Hasira," Eunike alisema. Gamba la pili, akakumbuka darasa la saba wakishangilia. "Aibu." Hapo alitaka kuacha, lakini Mwalimu alikuwa bado amechuchumaa. Alibandua la tatu, akamwona Brenda akinong'ona na Lukresia akicheka. "Wivu," alisema kwa sauti ndogo.

Gamba la nne lilikuwa jeupe na laini. Eunike alilishika bila kulibandua, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajajua kwa nini. "Niliogopa," alisema. "Niliogopa amepata rafiki mwingine na mimi hanihitaji tena."

"Lukresia anayajua haya?"

Eunike aliyatazama magamba aliyoyapanga kwenye nyasi. "Hapana, Mwalimu. Hakuna hata moja nililomwambia. Nilimpa jani nikakimbilia mstarini."

Mwalimu Hilda alimpangusa shavu kwa kanga yake. "Sasa unajua pa kuanzia," alisema.

Jioni ile Eunike hakuchuma sale. Alikwenda mikono mitupu, na njia nzima miguu ilimwambia arudi nyumbani. Mama yake Lukresia alikuwa akichambua kahawa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea wewe. Mwenzako yuko uani."

Lukresia alisimama katikati ya ua akiwa na tita la majani kichwani. Alimwona Eunike akakaza shingo. Bandani Mpole alikuwa akicheua bila haraka.

"Sikuja kukulishia," Eunike alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nimekuja kukuambia. Siku ile nilipopigwa niliona aibu mbele ya darasa la saba. Tena nilikuwa na wivu kwa ajili ya Brenda. Niliogopa utaniacha. Hayo yote ni yangu, lakini nilikutupia wewe, na siri yako ndiyo iliyokuwa karibu ya kukuumiza nayo. Nilikosa, Lukresia. Naomba unisamehe."

Lukresia aliliteremsha tita chini. "Unajua kilichoniuma?" alisema. "Si ng'ombe. Acha wanicheke. Wewe ulikuwa mtu pekee niliyemwambia, halafu nikayasikia maneno yangu uwanjani. Na sale lako... nilipokea kwa sababu halikataliwi. Lakini ulinipa kama unanirudishia penseli. Hukuniuliza naumwa wapi."

"Unaumwa wapi?"

"Hapa," Lukresia alisema akigusa kifua. Alivuta pumzi ndefu. "Sasa pamepungua. Si pote."

"Nitangoja," Eunike alisema, na safari hii alikuwa tayari kungoja kweli.

Lukresia alitabasamu kidogo, akamwonyesha jiwe bapa lililokuwa hatua tatu kutoka bandani. "Jumatatu nilirusha majani kutoka pale mlangoni pa nyumba. Nusu yakaangukia kuku. Jana nilifika kwenye hili jiwe. Leo nataka nifike kwenye hori."

Eunike alinyosha mikono kulichukua tita, kama alivyozoea kwa miaka miwili, kisha akairudisha mikono mgongoni. "Nitembee kando yako?"

"Kando. Usinitangulie."

Walikwenda polepole sana. Kwenye jiwe walisimama. Lukresia akasema kwa sauti, "Nina hofu, ipo magotini," kisha akapiga hatua, na nyingine, akayabwaga majani kwenye hori. Mpole akatoa ulimi wake mrefu akamlamba mkono hadi kwenye kiwiko. Lukresia alipiga yowe, akaruka, akautazama mkono wake, akauona mzima, akaanza kucheka. Eunike naye akacheka mpaka akakaa chini. Mama yake Lukresia alikuja mbio na ungo wake akiuliza kuna nini, na binti yake akamweleza yote, ya miaka miwili. Mama alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimwahi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kabla ya rede kuanza, Kornel alijitokeza akiwa amebeba masale, si jani moja bali fungu zima, kana kwamba anampelekea mbuzi. "Lukresia, nimekuletea..."

"Ngoja," Lukresia alisema. "Liweke jani kando kwanza. Niambie."

Kornel alitazama kulia na kushoto. "Nilitaka kuwachekesha wengine, kwa sababu wakicheka najiona mkubwa," alisema hatimaye. "Nilikukosea." Alisema bila mzaha, na wengi hawakuwahi kumsikia hivyo.

"Sasa nipe," Lukresia alisema. Akachukua moja, mengine akayaacha.

Wakaingia katikati. Eunike aliinamisha kichwa juu ya chupa, huku Brenda, waliyemkaribisha upande wao, akiwa pembeni akikaza macho kwenye mpira kama wao. "Inama!" Lukresia alipiga kelele. "Ruka! Inama tena!" Eunike hakuinua kichwa hata mara moja. Udongo ulifika shingoni mwa chupa, ukafika mdomoni, ukamwagika. Walishinda.

Lukresia aliinyakua chupa, akainyanyua juu, akatoa sauti ndefu kuliko zote. "Mooo!" Darasa zima likamjibu, na safari hii yeye ndiye aliyeanzisha.

Bibi Elisifa alikuwa amekuja kutazama, amekaa kwenye kigoda chake. Wakiwa njiani kurudi Eunike alimsimulia kila kitu, toka mgomba hadi ulimi wa Mpole.

"Masale yetu hayajaisha nguvu," Bibi alisema. "Jani linamfanya mwenzako asimame akusikilize. Ukimpa halafu ukanyamaza, umemsimamisha bure. Ni lazima useme. Na huwezi kusema kilicho moyoni kama wewe mwenyewe hujakitazama. Mwalimu wenu amewafundisha jambo ambalo mimi nililijua nikiwa mtu mzima, tena baada ya kukosana na dada yangu mwaka mzima. Ukikasirika, mjukuu wangu, jiulize kwanza chini yake kuna nini, ndipo ufungue mdomo."

Kilele cha mlima kilikuwa kimejitokeza mawinguni, cheupe.

"Haya, na leo unajisikiaje?" Bibi aliuliza. "Usiniambie salama, nasikia haipokelewi."

Eunike alifikiri kwa makini, akajipapasa kuanzia kifuani hadi miguuni. "Furaha, Bibi. Ipo magotini. Yanataka kukimbia."

"Basi yakimbize," Bibi alisema, "ng'ombe wetu hajakatiwa majani."