Sauti ya Kusaga Kisiwani Svinholm

Haya yalimpata rafiki yangu Merran, mfugaji wa kondoo kule visiwa vya Orkney, Uskoti, wala hapendi kuyasimulia. Asubuhi moja ya Julai alivuka na shemeji yake, Erlend, hadi Svinholm kuwachukua kondoo wa kukatwa manyoya. Kisiwa hicho ni majani na mawe tu. Hakuna aliyekaa pale tangu Wanorwei wa kale waiache nyumba yao ndefu, ambayo misingi yake bado ipo.

Walipomaliza kupakia, kondoo mmoja hakuonekana. Merran akapanda kumtafuta. Ukungu ukashuka, kukawa giza kama la magharibi. Ndipo akasikia jiwe likisaga juu ya jiwe, taratibu, bila kupumzika.

“Shemeji, acha mzaha wako bwana.”

Erlend akajibu kutoka mbali, chini kwenye boti: “Mzaha gani? Na wewe unasaga nini huko juu?”

Merran akaifuata sauti hadi kwenye ile misingi. Sauti ikakatika. Kondoo alikuwa amesimama katikati, akijilamba. Merran akamshika kichwa amvute. Mdomo wake ulikuwa mweupe kwa unga wa shayiri, na unga ule ulikuwa bado una joto.