Ubao wa Nne

Seremala ana ugonjwa wake: akiona ubao mzuri hawezi kuuacha ulale bure. Fundi Mselem wa Makorora, aliyepakana ukuta na shangazi yangu, alikuwa nao ugonjwa huo tangu ujana. Watu walimtania kwamba hata akienda msikitini hutazama kwanza mlango ulivyochongwa, ndipo akumbuke kuvua viatu. Yaliyompata fundi huyo, shangazi aliyasimulia mara moja tu, mchana, na mlango ukiwa wazi.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine, masika ya mwaka hamsini na tano. Mselem alikuwa kibandani kwake akimalizia kabati la droo tatu la mkewe Sabiha. Miaka tisa walikuwa wamekaa bila mtoto, na sasa Mungu amewapa Msafiri. Mselem aliapa kwamba siku ya arobaini, Sabiha atakapotoka ndani, atakuta kabati la nguo za mwanawe kama yale ya nyumba za matajiri wa Raskazone. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa reli, zile fito sita ambazo droo huteleza juu yake. Reli hutaka mti mgumu, mkavu, na yeye, ukiacha mbao alizoziweka kwa ajili ya mlango wake na hakutaka kuzigusa, alikuwa amebakiwa na mwembe mtupu.

Ndipo akatokea Hatibu, mchukuzi wa sokoni Ngamiani, akisukuma mkokoteni wenye mbao za mvule. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama katutoka, fundi. Twamzika baada ya adhuhuri. Nikatie kiunza." Akampa uzi wenye fundo, ndio kipimo cha urefu wa marehemu.

Mselem aliweka randa chini. Mama yake Hatibu, Bi Mwamvua, ndiye mkunga aliyemzalisha Sabiha. Msafiri alizaliwa kimya, amelegea kama kitambaa. Bibi yule alimwekea mdomo wake mdomoni, akampulizia mpaka akalia. "Pumzi yangu hiyo, nimemwazima tu," alisema akicheka, akanawa mikono, akaomba chai.

Kiunza ni mbao zinazomfunika maiti ndani ya kaburi ili udongo usimwangukie. Kwa uzi ule zilitakiwa saba. Mselem akakata saba, akaziandika namba kwa penseli kutoka kichwani mpaka miguuni. Ubao wa nne, ule wa kifuani, ulikuwa mpana kuliko zote, hauna fundo, hauna ufa. Aliushika. Akaugonga kwa kidole, akauweka, akaushika tena. Kisha akajiambia kwamba sita zitatosha zikiachanishwa kidogo, na penye nafasi watu wataziba kwa majani. Akaufukia ubao wa nne chini ya maranda. Zile sita akazifunga kamba, akamkabidhi Hatibu pamoja na ule uzi, maana uzi wa kipimo huzikwa na mwenyewe. Jioni ile ubao wa nne ulipasuliwa fito sita.

Siku ya arobaini wanawake walijaa chumbani. Sabiha, mwenye hina mpya, akavuta droo ya kwanza.

Ililia. Kilio chembamba, kirefu, cha kukwaruza meno.

"Mganga hajigangi!" shangazi akasema, na chumba kizima kikacheka. Mselem naye alicheka.

Alasiri ileile Msafiri akaanza kukoroma kifuani. Mlio ulikuwa mwembamba, mrefu. Sabiha aliusikiliza, akalitazama kabati, akamtazama mtoto. Kesho yake walimpeleka hospitali, daktari akamsikiliza mbele na nyuma, akasema kifua ni safi.

Mselem akafanya kile anachokijua. Alizitoa droo, akazipindua, akatafuta pale panapong'aa kwa kusuguana. Akagongomea msumari uliochomoza. Akapitisha randa, akapitisha msasa. Droo zikazidi kulia, na mtoto akazidi kukoroma. Siku ya nne, mchana, Sabiha akinyonyesha kitandani, Mselem alichukua kipande cha sabuni akazisugua reli zote sita. Juu yake akapaka nta ya mshumaa. Akairudisha droo ya chini, akaivuta.

Kimya. Iliteleza kama iliyopakwa mafuta. Mselem akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arobaini.

"Baba Msafiri," Sabiha alinong'ona. "Na huyu kanyamaza."

Mtoto alikuwa macho wazi. Ziwa limemtoka mdomoni. Kifua hakipandi.

Sabiha alimtikisa. Akamwita. Mselem hakujua ni nini kilichomsukuma. Mikono ndiyo iliyojua. Alichomoa droo, akaparuza nta kwa patasi, akaparuza kwa kucha, akamwaga mchanga juu ya reli, akairudisha droo na kuivuta kwa nguvu.

Ikalia. Msafiri akavuta pumzi.

Akaisukuma. Msafiri akatoa pumzi. Akaacha. Msafiri akaacha.

"Vuta!" Sabiha alisema. "Vuta, wallahi, vuta!"

Akavuta. Akasukuma. Akavuta. Jasho lilimwingia machoni, na alipoinama kulipangusa aliona kitu kwenye reli pale alipoparuza nta. Ilikuwa namba nne, ya penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe. Namba ile aliifuta kwa randa siku ya kwanza.

Mselem alijua sasa. Ukweli ni kwamba alijua tangu siku ya arobaini, ila mtu hujifanya kiziwi kwa lile asilotaka kulisikia.

"Sabiha," alisema bila kuacha kuvuta. "Nimeiba."

"Umeiba nini?"

"Ubao wa Bi Mwamvua. Wa kifuani."

Sabiha hakulia wala hakumtukana. Alimfunga mtoto mgongoni, akapiga magoti, akakishika kishikio cha droo. "Nenda kamwambie mwanawe," alisema. "Mimi n'tavuta."

Hatibu aliishi nyumba ya tatu. Alikuwa anakula. Mselem alianguka mlangoni akayatoa yote, na Hatibu alisikiliza tonge likiwa mkononi.

"Nilihesabu sita," Hatibu alisema polepole. "Nikasema, fundi hakosei." Akarudisha tonge kwenye sahani. "Kaburi la mama latitia, Mselem. Hapo hapo kifuani. Mara tatu nimelijaza udongo."

"Mwanangu anakufa."

Hatibu alinawa mikono. Kisha akainuka akautoa mkokoteni.

Waliokuwa barazani mchana ule hawakusahau walichokiona. Kabati jipya juu ya mkokoteni, Hatibu akivuta mbele, Mselem akisukuma nyuma, na Sabiha akikimbia ubavuni, mtoto mgongoni, mkono mmoja ukivuta na kusukuma droo. Kwii. Kwii. Watoto walicheka. Wakubwa walicheka pia, mpaka walipouona uso wa Sabiha. Shangazi alijitupia kanga akawafuata.

Kwetu wanawake hawaingii makaburini. Shangazi alisimama penye ua. Sabiha alipita.

Kaburi lilikuwa na shimo pale kifuani, dogo, la kuingia ngumi. Mselem alilifunika kwa kiganja. Hewa ilivutwa ndani. Ikatoka, ya uvuguvugu. Ikavutwa tena, kwa taabu. Ilikwenda sawasawa na droo.

Aling'oa reli za droo ya juu. Akaingiza ya kwanza shimoni. Haikuanguka. Ilipokewa.

Ya pili ikapokewa. Ya tatu. Ya nne ilivutwa kabla hajaiachia. Zikabaki mbili, zilizobeba droo ya chini.

"Sabiha, acha sasa."

"Siachi."

"Mke wangu. Acha."

Aliachia. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka mpaka nyama. Pakawa kimya. Mselem akachomoa droo, akang'oa reli ya tano, akaiingiza. Ya sita ilikuwa na msumari uliopinda. Ulikataa. Akapiga nyundo. Ulikataa. Sabiha alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, na midomo ya Msafiri ilikuwa imegeuka zambarau. Mselem akauma msumari kwa meno. Ukatoka na kipande cha jino. Akaisukuma reli shimoni.

Ikapokewa.

Wakangoja. Mtoto hakuvuta pumzi. Hatibu alianza kusoma Yasini. Mselem akalala kifudifudi juu ya kaburi, mdomo karibu na shimo, damu ikimtoka.

"Shikamoo, Bi Mwamvua," alinong'ona. "Nimekosa. Huyu ni wako, ulimpa pumzi wewe. Muache. Ukitaka mtu, nichukue mimi."

Msafiri akalia.

Alilia kwa sauti pana, ya mtoto mwenye njaa, bila mkoromo. Sabiha alikaa chini kwenye udongo akamnyonyesha hapohapo, mbele ya wanaume. Shimo lilikuwa limejifunga. Hatibu aliapa baadaye kwamba kabla ya kile kilio alisikia mtu akiitika marahaba, kwa sauti ya mamake.

Walirudisha kabati nyumbani. Lilikuwa halina reli hata moja, na droo isiyo na reli hudondoka. Mtoto mdogo anajua hilo. Sabiha aliposukuma droo ya kwanza ili isimwangukie mtu, ilikaa. Akaivuta, ikaja laini, bila sauti yoyote. Ya pili vilevile. Alipovuta ya chini, akamwita mumewe kwa mkono.

Ndani mlikuwa na uzi. Umelowa udongo. Una fundo.

Mselem aliuchukua, akaenda nao kitandani. Alimpima Msafiri aliyelala. Uzi ulimzidi mara tatu. Akamwambia Sabiha asimame wima. Ukamzidi shubiri. Fundo halikuwa la Bi Mwamvua, aliyekuwa mfupi kuliko Sabiha. Basi akakanyaga ncha ya uzi kwa kisigino, akaupandisha mgongoni mwake, shingoni, mpaka utosini. Fundo likatua hapo.

"Alhamdulillahi," alisema. Sabiha aliapa kwamba aliisema kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akambusu mtoto nyayo zote mbili, akatoka.

Shangazi alisikia msumeno kibandani mpaka adhana ya magharibi. Aliposogea kumpelekea uji, alimkuta anasugua msasa kwa utulivu, mvule mtupu, mbao bora alizokuwa ameziweka miaka kwa ajili ya mlango wake mwenyewe.

"Wamtengenezea nani?" alimuuliza.

"Mteja," Mselem alijibu. "Huyu sitamkosea."

Ijumaa iliyofuata mbao zilihitajika. Shangazi alizihesabu mwenyewe zilipokuwa zinatolewa nje, akazihesabu tena. Zilikuwa saba, na ubao wa nne ulikuwa mpana kuliko zote.