Shuka za Chumba cha Sita

Jumapili jiko la nyumba ile lilifurika watu na harufu ya vitunguu. Ni nyumba ya hisani, ng'ambo ya hospitali ya jeshi hapa San Antonio. Unalala bure mradi ndugu yako yuko wodini. Kila chumba kina rafu yake kwenye friji, na jina limebandikwa. Marisela Treviño wa Laredo, binti wa gauni la njano na macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimkuta kijana mrefu akimalizia tamale zake, vile vikate vya mahindi na nyama, wala hana hata chembe ya aibu.

"Kaka, hujui kusoma?"

"Najua. Njaa ndiyo haijui."

"Hicho ndicho chakula changu cha wiki."

"Basi wiki hii nakupikia mimi. Naitwa Everett Pelletier, natoka Maine, kaskazini kabisa. Kaka yangu Luc yuko wodi ya walioungua."

"Mdogo wangu Ramiro naye yuko hukohuko," alisema Marisela, na ugomvi ukaishia hapo.

Walipendana haraka. Marisela alimwita "mwizi wangu," naye Everett akamwita "bibi rafu." Kwa wiki tano walicheka kwenye ngazi za nyuma, kisha kila mmoja akaenda kulia kando ya mgonjwa wake.

Alhamisi asubuhi Ramiro aliingizwa chumba cha upasuaji. Marisela alimpigia Everett simu mara saba; hakupokea. Ramiro alipotoka salama saa nane mchana, Marisela alirudi amefura kwa hasira, maneno makali ameshayapanga mdomoni. Alifungua friji kutafuta maziwa. Rafu ya Pelletier ilikuwa tupu, jina limebanduliwa.

Akapanda ngazi mbio. Everett alikuwa chumba cha sita, amevaa shati jeupe, anakunja shuka. Desturi ya humo, anayeondoka humfulia shuka anayekuja.

"Luc?"

"Ametutoka alfajiri."

"Mbona hukupokea simu?"

"Ningekwambia nini, mpenzi, na mdogo wako yuko kwenye meza ya upasuaji? Humu hatufanyiani hivyo."

Marisela alimkumbatia, akajichukia kwa hasira zake zote za asubuhi.

"Usiondoke, Everett."

"Sina mgonjwa tena, sina chumba. Kesho nasafiri na mwili wa Luc kwenda nyumbani. Na mama yetu haoni, amebaki na mimi tu." Akamshika mikono. "Nataka kukuoa, Marisela. Nitakungoja. Siku ukiwa huru, njoo."

Marisela aliketi kwenye godoro tupu.

"Ramiro hana mikono, hana mama, hana baba. Nitamlisha na kumwogesha maisha yake yote. Unajua nitakuwa huru siku gani?"

Everett alijua: siku ya kumzika Ramiro. Uso ulimbadilika.

"Basi usije," alisema. "Nakupenda, na namwomba Mungu usije kamwe."

Marisela alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaitikia, "Amina."