Foki ya Nazaire

Ijumaa, tarehe 19 Oktoba 2018, saa kumi na mbili na robo jioni, mimi na mdogo wangu Kimutai tulibisha mlango wa nyumba moja ya kupanga huko Mesquite, Texas. Tulifuata foki ya kaboni, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele la baiskeli. Kimutai alikuwa na baiskeli ya mbio yenye foki ya chuma, nzito, iliyomtikisa mpaka viganja vikafa ganzi. Kesho yake alfajiri angeendesha safari ndefu na wauguzi wenzake, na alikuwa amechoka kuachwa nyuma.

Muuzaji alikuwa mjane wa Kirundi, Gaudiose, ambaye watu humwita Mama Ella. Aliitoa foki chini ya kitanda, imefungwa ndani ya kitenge. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Nazaire. Fremu ya baiskeli yake ilipopasuka, aliivua foki akaitunza, akingoja kuunda baiskeli nyingine. Figo hazikumpa nafasi. Wakamzika hapa hapa Texas.

Niliuliza kama foki iliwahi kugongwa. Hapana, akasema. Nikauliza tena kwa njia nyingine, hadi Kimutai akaniombea radhi.

Mama Ella alipomkabidhi, vidole vyake havikuiachia. Kimutai ilibidi avute.

Tulirudi Mansfield, akaifunga kwenye gereji yetu huku nimesimama na taa. Nilikuwa nimesoma kwamba kaboni haijipindi kwanza ikakuonya; hukatika ghafla, ukiwa mbioni. Njia ya kuipima ni kuigonga kwa sarafu na kusikiliza. Palipo pazima hulia kwa ukali. Palipoumia hunyamaza.

"Daktari," Kimutai akanitania, "mgonjwa ataamka?"

Nikagonga mguu wa kushoto. Ti. Ti. Ti.

Nikainua sarafu.

Ti.

Sauti ilitoka mguu wa kulia.

Kimutai alisema ni baridi tu, vitu hujikaza. Akapandisha kiti hadi urefu unaomfaa, akakaza bolti, nami nikazungushia utepe mweusi pale nguzo ya kiti inapoingia kwenye fremu, tusipoteze kipimo. Akaenda kuoga.

Nilibaki kufagia. Kwanza nikasikia harufu. Jasho... jasho bichi la mwanamume aliyetoka kuendesha mbali, limechanganyika na mafuta ya mnyororo. Kisha, nyuma yangu, kitu kikaanza kuzunguka. Tr-r-r-r...

Sikugeuka mara moja.

Gurudumu la mbele lilikuwa linazunguka taratibu, peke yake. Na kiti kilikuwa kimeinuka: utepe wangu ulikuwa umepanda juu ya fremu, upana wa vidole vinne. Nikajaribu bolti. Ilikuwa imekazwa vile vile.

Nikampigia Mama Ella. Nilisikia mikokoteni ya hoteli anayofanyia usafi, kisha mlango ukifungwa.

"Nazaire alikuwa mrefu?" nikamuuliza.

"Alikuwa anainama kupita mlangoni. Mmeshaifunga?"

"Ndiyo."

"Asiipande mtu, mdogo wangu. Nakuomba."

Akanieleza kwa kunong'ona. Katika ukoo wa Nazaire, kitu cha marehemu hakitumiwi na mwingine kabla ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga, ambapo kila alichoacha hutajwa na kupewa mrithi. Wakwe wa Mama Ella walifanya sherehe hiyo Burundi, yeye akaitazama kwenye simu. Walitaja shamba. Walitaja ng'ombe, redio, hata koti la mvua. Akaamini yamekwisha.

"Baiskeli hawakuitaja," akasema. "Hawakujua kama alikuwa nayo."

Nikauliza atakayeipanda atafanywa nini.

"Nazaire alikuwa akisema ataiendesha mpaka kwao Gitega."

"Mama Ella, katikati kuna bahari."

"Hata mimi nilimwambia hivyo."

Akaahidi kuja akimaliza zamu. Nilipomweleza Kimutai, alicheka, akabusu paji la uso wangu, akasema, "Sista, lala. Unajitesa bure." Niliwaza ile foki ikikatika chini yake, kwenye barabara ya malori, gizani. Alipolala nikaizima kengele ya simu yake, nikakaa sebuleni, nikisikiliza ukuta wa gereji.

Mama Ella alifika kabla ya jua kuchomoza, bado amevaa sare, na chupa ya bia mkononi. Akamimina kidogo sakafuni mbele ya gurudumu, akazungumza Kirundi kwa muda, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Kisha akanigeukia.

"Nani anairithi? Taja jina. Halafu aliyetajwa aitoe nje hadi barabarani, aonekane ameipokea."

"Akishaipokea, Nazaire ataondoka?"

Hakunitazama. "Atatulia. Mrithi hutembelewa... kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Taja jina, mdogo wangu. Kunakucha."

Foki ilikuwa ya Kimutai. Ndiye aliyeitafuta, ndiye aliyeitaka. Kupitia ukuta nilimsikia akijigeuza kitandani, vitanda vya nyumba yetu hulia.

"Lydiah," nikasema. Jina langu.

Gurudumu likasimama. Mama Ella akajipiga ishara ya msalaba, akainua mlango wa gereji. Nilipanga kuikokota tu, hadi ukingo wa lami, kisha nirudi nipike chai.

Kimutai alipotoka nje akiniita, nilikuwa nimeshavuka taa za barabarani za pili, nimeinama juu ya usukani, napumua bila shida, magari yakinipisha.

Sijawahi kujifunza kuendesha baiskeli.