Kiapo cha Kijiti cha Meno

Kioo cha kabati kilikuwa kinatoka jasho kwa ndani. Kaloki, fundi wa mawe wa Matinyani, dume lisiloogopa kitu (muulize, atakwambia mwenyewe), ndiye alikiona kwanza, akacheka.

"Kumbe hata majini ya Kitui yanasikia joto!"

Ndani ya hilo kabati la makumbusho kulikuwa na pembe iliyofungwa ngozi: kithitu, kile Wakamba wa zamani waliapia kesi ikishindikana, na mwongo akawazika watoto wake kabla ya kufa mwenyewe.

Mkewe Ndinda, Mbula wao wa miaka mitatu mgongoni, hakucheka. "Baba Mbula, Katunge wa Kibwezi ni nani?"

"Simjui!" Kaloki akachomoa kijiti cha meno, akagonga kioo mara saba, vile wazee walikuwa wanafanya wakiapa. "Nikidanganya, kinile mimi na nyumba yangu. Umeridhika?"

Mutindi, mhudumu wa pale, alikuja mbio. "Wewe! Hapa hatuapi hata kwa mchezo!"

"Dada, hiyo ni pembe ya ng'ombe tu."

Na huyo mwanamke Katunge, Kaloki alimjua. Alimjua hadi rangi ya nguo zake za kulala.

Jioni hiyo nyumba ikaanza kunuka ngozi inayoungua. Kesho yake kitu kikawa kinakwaruza ndani ya ukuta aliojenga kwa mikono yake. Siku ya tatu pasta waliyemwita alikemea pepo mpaka sauti ikamkauka, harufu ikamsindikiza hadi getini ikarudi, na Mbula, aliyekuwa anawaka homa, akainua kichwa polepole, akamtazama babake, akauliza kwa sauti ya mzee, "Katunge hajambo?"

Dume likambeba mtoto likakimbilia makumbusho, likaungama yote mbele ya pembe, Ndinda akisikia.

"Niondolee kiapo, dada," Kaloki akamnong'oneza Mutindi.

"Kiapo huondolewa na mwenye kithitu," Mutindi akajibu, machozi yakimlengalenga. "Mwenyewe alishakufa. Sisi tuna kadi ya jina lake tu."

Kioo kilikuwa kimekauka. Kwa ndani, chini ya pembe, palikuwa na alama ya kiganja kidogo. Kaloki akashika mkono wa Mbula: baridi, unanuka ngozi.

"Ndinda, mshike mtoto..."

"Mshike wewe. Wewe ndiye ulimwapia."

Mbula akafungua mdomo, akacheka. Kicheko kilitokea kabatini.